Mlinzi wa Nyumba Yake

Kwa miaka yote aliyofundisha watu udereva, hakuna mwanafunzi aliyewahi kumshusha Breki kwenye gari. Walimtumbukiza mtaroni, walimwingiza kwenye kibanda cha kinyozi, mmoja alimpeleka rivasi mpaka kwenye banda la kuku la diwani, lakini kumshusha, hapana. Aliyekuja kumshusha ni mkewe, na alimshusha kwenye nyumba.

Jina la Breki lilitokana na mguu. Gari la mafunzo lilikuwa na breki ya pili upande wa mwalimu, na kwa kuikanyaga kutwa nzima mguu wake wa kulia ukajizoesha vibaya. Hata baada ya kustaafu, akiona jambo linakwenda kasi asiyoipenda, mguu ulikanyaga sakafu wenyewe bila kumwomba ruhusa. Ulikanyaga kwenye harusi wakati wa risala. Ulikanyaga kwenye kikao cha ukoo, pale shangazi yake alipofikia kipengele cha michango. Na siku shemeji yake alipokuja na wazo la kupangisha nyumba, mguu ulikanyaga mpaka kiatu kikachomoka.

Shemeji huyu ni mdogo wa mkewe. Alifanya kazi kwenye ofisi ya kupangia watu safari, alikuwa na kucha ndefu kuliko mishahara yake, na kila alichokiona alikiita fursa. Nyumba ya Breki ilikuwa karibu na ziwa, na watu wa mjini wakipata likizo hulikimbilia ziwa lile utadhani kuna kitu walikisahau majini.

"Watu siku hizi hawataki hoteli," shemeji alisema. "Hoteli unalipia chumba, unalipia chai, mtoto akimwaga chai unalipia na meza. Watu wanataka nyumba yenye jiko. Wanakuja na mchele wao, wanajipikia, wanatembea na kanga mpaka sebuleni, wanajiona wapo kwao."

"Na sisi je?" Breki akauliza.

"Nyie mnakuwa hampo."

"Tunakuwa wapi?"

"Shemeji, si kuna stoo?"

Breki akamgeukia mkewe ili wacheke pamoja. Mkewe hakuwa anacheka. Pensheni ilikuwa nyembamba, bati lilikuwa limeanza kuoza, hayo ni kweli, lakini siyo yaliyomteka. Kilichomteka ni jiko. Tangu aolewe alikuwa anapikia jiko la plati mbili, moja ikiwa marehemu, na shemeji alikuwa ametamka kwamba wageni wa siku hizi lazima wakute jiko la maana. Basi akiba yote ikaenda huko. Likaja jiko la plati nne lenye oveni chini, likaja friji refu kama mlango, zikaja kabati zinazojifunga zenyewe polepole kwa adabu. Mama wa watu aliyafungua na kuyafunga yale makabati mchana kutwa, huku machozi yanamtoka kwa furaha.

Halafu shemeji akaweka sheria. Jiko ni la wageni. Likipata mkwaruzo picha zitaharibika, picha zikiharibika nyota ambazo wageni wanaipa nyumba kwenye simu zitashuka, nyota zikishuka hakuna atakayekuja. Kwa hiyo mwenye jiko akawa anapikia mkaa nyuma ya stoo, na kila asubuhi wasipokuwepo wageni anaingia ndani kulifuta vumbi jiko lake jipya. Ukitaka kujua dunia ina vituko, hicho kimoja.

Utasema, si wangerudi ndani wageni wakiondoka? Hawakuweza. Wageni walikuwa wanabonyeza simu asubuhi, jioni wapo getini, kwa hiyo nyumba ilitakiwa ikae tayari muda wote. Vitanda vilitandikwa, na juu ya kila kitanda shemeji aliweka mataulo yaliyokunjwa yakawa mabata. Breki angelala kitandani kwake, bata angeharibika, na pale nyumbani hakuna aliyejua kumkunja tena isipokuwa shemeji. Mwanamume mzima, baba wa watoto waliokwisha kuoa na kuolewa, akafukuzwa kitandani na taulo.

Wageni wa kwanza waliandika kwamba nyumba ni nzuri ila kuna mzee anawachungulia. Nyota ikashuka. Shemeji akaja na koti la buluu lenye vifungo vya shaba na kofia yake. "Sasa utakuwa na sababu ya kuwepo," akasema, na hivyo ndivyo Breki alivyokuwa mlinzi wa nyumba aliyoijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, tena nyingine zikiwa zimepinda.

Hakuwa anataka makubwa. Alitaka kitanda chake, chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama mpera, na kile kiti cha kichwani mwa meza ambacho mguu mmoja ni mfupi. Kila alipovitaja, mkewe alimwambia asubiri msimu uishe. Msimu ukiisha unakuja mwingine. Breki akaanza kuamini kwamba atafia stoo, kati ya ndoo za rangi na baiskeli isiyo na tairi, na shemeji atawaomba waombolezaji wasikae sana kwa sababu kuna wageni wanaingia.

Ndipo ikaja familia ile. Baba mwenye kaptula, mke wake, watoto wawili, na mama mzaa baba, ambaye Breki alimpachika jina la Bibi Mizigo kabla hata gari halijazimwa. Alikuwa amefanya biashara ya vitambaa sokoni maisha yake yote na alisafiri kama anayehama. Kulikuwa na gunia la mchele, kapu la vitunguu, masufuria, mbuzi ya nazi, hata chumvi. Chumvi, jamani.

"Nimepiga hesabu," alimwambia Breki akiwa anashusha masufuria. "Hoteli ingetukamua. Nyumba kama hii ndiyo mpango, maana mpishi hatumlipi."

Mpishi mwenyewe alikuwa mkwewe, aliyekuwa anapita na kapu la vitunguu. Hakucheka.

Bibi Mizigo hakuwa mtu wa kukaa na swali tumboni. Siku ya pili alimletea mlinzi sahani ya wali, akaketi kwenye tofali pembeni yake, akaanza.

"Mzee mwenzangu, hapa wanakulipa vizuri?"

"Silipwi, mama," Breki akajibu. Ulikuwa ukweli mtupu.

"Hulipwi? Na unalala wapi?"

"Stoo. Kule nyuma."

"Mke unaye?"

"Ninaye. Tunalala naye hukohuko."

Bibi Mizigo akaweka mkono kifuani. "Huyo mama mwenye nyumba, aliyebandika namba yake ukutani, ni binadamu kweli?"

Breki akafikiri kidogo, maana hapendi kusema uongo. "Inategemea na siku," akasema.

Bibi Mizigo akaingia ndani, akachukua namba iliyobandikwa ukutani, akampigia mama mwenye nyumba. Mama mwenye nyumba alikuwa amekaa stoo juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachambua maharage. Akapokea kwa sauti ya chini, asije akasikika dirishani.

"Mama, wewe una roho gani?" sauti ikaanza bila salamu. "Mzee wa watu anafungua geti kutwa, humlipi, unamlaza stoo na mkewe kama majembe. Huyo mkewe siku akiumwa mgongo utamwambia nini Mungu?"

Mama wa watu, mgongo ukimuuma hivyohivyo, akasema, "Tutalifanyia kazi, mama. Asante kwa kutupigia."

Breki alipokwenda kurudisha sahani, alikuta mkewe amevimba. "Umeniaibisha. Umemwambia mgeni kwamba sikulipi?"

"Kwani unanilipa?"

"Wewe ni mume wangu."

"Basi mwambie hivyo."

"Nikimwambia tunajificha stoo ataandika, na nyota zitashuka."

"Nyota mimi naziona kila usiku. Bati lina tundu." Alisema hivyo kwa mzaha, lakini mzaha ukamwishia mdomoni. Akavua kofia. "Mke wangu, nimechoka. Mwanzo niliona ni mchezo, nikapiga saluti nikacheka. Jana yule mtoto wao mdogo kaniuliza kwangu ni wapi. Unajua nilifanya nini? Nilinyoosha mkono kule barabarani. Barabarani, na nyumba yangu iko nyuma yangu."

Mkewe akaendelea kuchambua maharage. Alichambua mpaka mazuri akawa anayatupa pamoja na mabovu.

Siku moja kabla ya wageni kuondoka, saa za chakula cha mchana, yule mtoto mdogo alijifungia bafuni na komeo likagoma. Baba mwenye kaptula akasukuma, mke wake akavuta, mtoto akaanza kulia kwa sauti ya king'ora. Ikapendekezwa mlango uvunjwe, na kaptula ikaenda kutafuta nyundo. Breki alisikia neno nyundo akiwa getini. Alifika bafuni kabla ya nyundo.

"Mwanangu, tulia," akasema kwa sauti ileile iliyowahi kuwatuliza watu wazima walioganda kwenye usukani katikati ya mzunguko. "Toa mkono kwenye komeo. Hivyo. Sasa mimi nauinua mlango, nikikwambia rudisha, rudisha taratibu, usikurupuke."

Akaweka bega chini ya kitasa, akanyanyua, akapiga teke dogo kwenye kona ya chini upande wa kushoto. "Rudisha." Komeo likarudi, mlango ukafunguka, mtoto akatoka na kamasi zake.

"Wewe umejuaje?" akauliza yule baba, nyundo mkononi.

"Nisijue vipi? Huu mlango niliupachika mwenyewe, juu chini. Mke wangu aliniambia nimeugeuza, nikabisha, nikasema bafu ni langu. Kila mwaka ananikumbusha."

Breki alitamani kukanyaga breki, lakini neno lilikuwa limeshapita.

Bibi Mizigo akamtazama kuanzia kofia hadi viatu. Akatoa simu, akapiga ile namba ya ukutani, akaishusha simu kutoka sikioni. Wote wakasikia mlio unatoka nyuma ya nyumba, stoo, mlio wa mtu ambaye hana pa kwenda kuuzima.

Bibi Mizigo akaenda mpaka kwenye dirisha la jikoni, akalifungua. "Mama mwenye nyumba," akaita, "njoo ule. Chakula kinapoa."

Ilichukua muda. Mwishowe alikuja, kanga imefungwa kifuani, macho chini, akasimama kwenye mlango wa jiko lake akitafuta cha kubeba, maana hajui kuingia jikoni mikono mitupu. Yule mkwe akamnyang'anya hata hiyo nafasi. Akamvutia kiti. "Kaa, mama. Leo nimepika mimi."

Breki aliambiwa akae anapotaka. Akaenda moja kwa moja kichwani mwa meza, kwenye kiti chenye mguu mfupi, akakaa, kikayumba, na yeye akayumba nacho kwa ule upande wa siku zote.

Kuku alikuwa wa oveni. Mama mwenye nyumba akaonja, akaweka kijiko chini, akauliza kama alifunikwa. Akaambiwa hakufunikwa. Akauliza kama moto ulikuwa wa juu au wa chini. Wa chini. "Nilidhani angekauka," akasema. Akaonja tena. "Mwaka mzima nalifuta vumbi. Sikujua hata linanukiaje likiwaka." Akaanza kulia palepale mbele ya wageni, juu ya sahani, bila kujificha, na mkwe wa watu, ambaye alikuwa amepika likizo nzima bila hata mtu kumwambia asante, akalia naye.

Bibi Mizigo aliwaacha walie kidogo. Halafu akakohoa. "Mimi nauliza tu. Tulikodi nyumba tupu, kumbe ina wenyewe. Hakuna punguzo?"

"Mama, umeshaniuliza kwenye simu nina roho gani," mkewe Breki akasema, akijifuta kwa ncha ya kanga. "Hilo ndilo punguzo lako."

Wakaondoka kesho yake, na masufuria yao na chumvi yao. Maoni waliyoyaandika yalikuwa mafupi, na nyota moja ilipungua: nyumba nzuri, jiko safi, wenyewe wapo.

Shemeji alifika na simu mbele kama hati ya kukamata watu. "Mmeona hiki? Wenyewe wapo. Nani atakuja kulipia nyumba ambayo wenyewe wapo? Na kuna watu wanataka kuingia leo." Hakungoja jibu. Alipita na rundo la mataulo, akaingia chumba cha nyuma, akaanza kukunja bata.

Breki alikuwa sebuleni, koti la buluu mkononi. Mguu ukakanyaga sakafu, safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyeuagiza. Akafungua mdomo, lakini mkewe akamtangulia kutoka jikoni, ambako oveni ilikuwa inawaka na unga umemjaa mpaka viwikoni.

"Mdogo wangu, hivyo vingine pangisha. Hicho kiache. Hicho kina watu."

Shemeji akatoka na mdomo wazi na mataulo yaliyobaki. Breki akaingia chumbani. Akamchukua bata aliyekuwa tayari kitandani, akamkunjua, akamtupia begani, akaenda kuoga.