Mjomba Alikuwa Fulbeki

Siku yangu ya kwanza kazini hakuna aliyenitazama mikono. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Tulisimama vijana kumi na kitu mbele ya ofisi ya shamba la miwa, kusini ya Msambweni, na kila mmoja alikuwa tayari kuonyesha viganja vyenye sugu ili aaminike kuwa anajua panga. Karani alikuwa ameketi na daftari lake. Kando yake alisimama Mzungu mmoja mfupi, mnene wa mapaja, aliyekuwa akichechemea kidogo. Akapita mstari mzima ameinamisha kichwa. Alikuwa anatazama miguu. Alipofika kwangu akasimama.

"Wewe piga mpira mguu gani?"

"Yote miwili, Bwana. Lakini wa kushoto ndio mzuri."

"Andika huyu," akamwambia karani.

Ndivyo nilivyoandikwa kibarua wa kukata miwa, na papo hapo senta fowadi wa timu ya shamba. Vijana wa leo huniuliza kama tulikuwa tukilipwa kwa kucheza. Hatukulipwa. Tuliandikwa kazi kwa sababu tulicheza, na Jumatatu asubuhi panga lilikuwa lile lile, hata kama Jumamosi ulifunga mabao matatu.

Yule Mzungu alikuwa fundi mkuu wa karakana, na ndiye aliyekuwa mwalimu wa mpira. Nyapara wetu, Suleimani, mtu wa maneno mengi, alimwuliza siku za mwanzo kama yeye ni Mwingereza. Akajibu kwa ukali, "Hapana. Mimi Welishi." Sote tukadhani ametaja jina lake. Tangu siku ile akawa Bwana Welishi, naye hakutusahihisha. Niliishi naye miaka zaidi ya minne nikimwita hivyo. Nilipokuwa Mombasa baadaye, karani mmoja akanieleza kuwa Welishi ni watu wa nchi yao wenyewe, kando ya Uingereza, na wana lugha yao. Niliona haya. Ni kama mtu afanye kazi nami miaka yote ile akiniita Mdigo, akidhani ndilo jina nililopewa na mama yangu. Jina lake hasa silijui mpaka leo, na sitalibuni hapa.

Alitueleza habari zake alipokuwa akiupaka mpira mafuta. Mpira wa siku hizo ulikuwa wa ngozi, umefungwa kwa kamba mdomoni, na ukinyeshewa ulikuwa mzito kama nazi mbichi. Ukiupiga kichwa upande wa kamba, alama ilibaki kwenye paji siku mbili. Alisema alikuwa senta fowadi wa timu za miji midogo, miji ya watu wanaochimba makaa chini ya ardhi. Alihama timu moja hadi nyingine mpaka akasahau ipi ilitangulia ipi. Hakucheza hata siku moja katika timu kubwa. Kisha goti likaharibika, akarudi kwenye spana.

"Mimi hapana mchezaji mkubwa," alisema. "Mimi jua kazi tu."

Kazi aliijua. Katika zoezi la kwanza alisimama mbele ya goli na goti lake bovu, akaweka mabeki wetu wawili wenye mbio kuliko wote wamlinde, kisha akamwambia winga alete mpira. Sisi tulicheka. Mpira ulipokuja alipiga hatua mbili tu, na mabeki walipofika, wavu ulikuwa unatikisika. Akarudia. Akarudia tena. Baada ya mara ya nne hapakuwa na aliyecheka. Nimeona wachezaji wengi tangu siku ile, wenye mbio na wenye chenga, lakini sijaona jambo lililonishangaza kama lile. Hakukimbia. Mpira ulipofika, yeye alikuwa amekwisha kufika.

Siri yake ilikuwa neno moja. Kabla mpira haujakufikia, geuza shingo utazame nyuma ya bega, ujue fulbeki yuko wapi na anakuja kwa upande gani. Zama zetu timu ilikuwa na fulbeki wawili nyuma, hafubeki watatu mbele yao, na fowadi watano, na yule fulbeki ndiye aliyekuwa adui wa senta fowadi kutoka kipenga cha kwanza hadi cha mwisho. Bwana Welishi alikuwa akisimama kando ya uwanja akipiga kelele, "Bega! Bega!" Hakuwa na mafunzo mengine mengi. Nilizoea hata nikawa natazama bega nikiwa katikati ya miwa.

"Hamisi," wenzangu wakinitania, "nani anakufuata? Mkweo?"

Mwaka wangu wa pili tulifika fainali ya kombe la wilaya, tucheze na timu ya Boma, yaani watumishi wa serikali wa Kwale. Ijumaa Bwana Welishi aliniita karakana. Akanionyesha meza ya chuma yenye jiliwa, kile chombo cha kubania vyuma, akaniambia, "Wewe cheza mzuri kesho, Jumatatu wewe iko hapa. Panga kwisha." Nililala nikiiona meza ile. Kukata miwa ni kazi inayomla mtu mgongo, na sikutaka kuzeeka nayo.

Lakini fulbeki wa kulia wa Boma alikuwa Mwinyikombo, tarishi wa ofisi ya Bwana DC. Na Mwinyikombo alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama yangu tumbo moja. Ndiye aliyenilea baba alipofariki, ndiye aliyenipeleka skuli hadi darasa la nne. Alikuwa anakaribia miaka arobaini. Boma walikuwa wamekwisha kumleta askari kijana wa kushika nafasi yake, na walikuwa wanangoja siku moja tu ateleze. Jambo hilo lilijulikana kutoka Kwale hadi Tiwi. Mjomba alikuwa hana cheo kingine duniani. Wiki nzima alibeba barua za watu, na Jumamosi watu walimwita Chuma.

Tulipoingia uwanjani nilimwendea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Basi utakapofika mwambie akuchemshie maji ya kukukanda. Leo nitakurudisha unachechemea kama Mzungu wenu."

Hafubeki wao wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Dakika za mwanzo mpira ulipenyezwa katikati. Nilitazama bega. Mjomba alikuwa anakuja kwa kulia kwangu, amechelewa, na kushoto palikuwa wazi mpaka kwa golikipa. Nikageukia kulia. Akauchukua mpira, akaupiga mbali, na watu wakaimba, "Chuma! Chuma!" Baadaye ukaja mwingine kama ule. Mara hii nilijifanya nimeukosa kwa unyayo. Ninaandika haya bila kujitetea. Nilidanganya kwa miguu, mbele ya watu wa tarafa zote, na katika maisha yangu ya mpira hiyo ndiyo kazi mbaya kuliko zote niliyofanya.

Wakati wa mapumziko tulipewa machungwa. Bwana Welishi akaja akachuchumaa mbele yangu kwa shida, goti lake likilia.

"Wewe gonjwa?"

"Hapana, Bwana."

"Wewe tazama bega?"

"Nimetazama."

"Basi kwa nini geuka kwa yeye?"

Sikuweza kumdanganya mara ya tatu. "Yule ni mjomba wangu."

"Mjomba nini? Mimi pia iko na mjomba."

Suleimani nyapara akadakia. "Bwana, wa kwenu ni mjomba wa kumpelekea salamu. Huku kwetu Udigoni mjomba ndiye mwenye mtoto. Akimwambia mpwa wake kaa, atakaa mpaka aote mizizi."

Bwana Welishi aliinua uso. Alikuwa anatazama nyuma yangu. Nilipogeuka, nilimwona mjomba anakata uwanja kuja kwetu peke yake, miguu mitupu, nusu chungwa mkononi. Watu walidhani ananiletea chungwa.

"Simama," akaniambia. Nikasimama. "Umenipa mipira miwili."

Nikatupa ganda la chungwa.

"Nilikuomba?"

"Hukuniomba, mjomba."

"Mimi nilikuwa fulbeki wewe hujaingia jandoni. Unadhani siujui mpira niliounyang'anya na mpira niliopewa?" Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Wale wananipigia makofi. Makofi yale ni ya kazi yako. Nitakwendaje nyumbani na makofi ya mtu mwingine?"

"Nilikuwa nakuheshimu, mjomba."

"Ulikuwa unanihurumia. Heshima ni kunipita, kama unaweza. Nami nitakuzuia kwa nguvu zangu zote, na nikikuvunja mguu nitakubeba mwenyewe mpaka kwa mama yako. Mimi ndiye mjomba wako, na hilo nimekuamuru."

Akanipa lile chungwa, akarudi kwao.

"Yeye nasema nini?" Bwana Welishi akauliza. Suleimani akamfasiria yote, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno lake. Bwana Welishi akavua kofia, akaishika mkononi kwa muda.

"Ile mtu," alisema, "iko fundi."

Kipindi cha pili mjomba alinipiga kwato mara tatu. Mguu ukavimba. Alikuwa amesema kweli kuhusu nguvu zake, na nilimwona jinsi alivyokuwa akihema kila aliporudi mahali pake, ameshika kiuno, kisha ananyooka kabla watu hawajamwona. Karibu na mwisho winga wetu wa kushoto alipata nafasi. Nilijihadhari nisiotee, maana ukitangulia nyuma ya mabeki kabla pasi haijapigwa refa anapuliza. Nikatazama bega. Mjomba alikuwa anakuja, safari hii hakuchelewa, na macho yake yalikuwa juu ya mpira. Nikaupokea kwa mguu wa kulia, nikauvuta kushoto. Alijitupa mzima mzima. Nikasikia vidole vyake vya mguu vinanigusa kisigino, na vikateleza. Nikapiga.

Wenzangu walinirukia. Nilipotoka chini yao na kurudi katikati nilipita karibu na mjomba. Alikuwa bado ameketi chini, tope mpaka kifuani, anatazama mbele. Sikuthubutu kumtazama usoni.

"Marahaba," akasema.

Sikuwa nimemwamkia. Nilipiga hatua kama kumi kabla sijaelewa alikuwa anaitikia nini.

Mchezo uliisha kwa bao lile moja. Watu walipoanza kutawanyika Bwana Welishi aliniuliza kwa sauti ya chini, ile salamu ya wakubwa inasemwaje. Nikamwambia. Akairudia mara mbili mdomoni. Kisha akachechemea hadi walipokuwa wachezaji wa Boma, mbele ya viti vya wakubwa wa serikali, akasimama mbele ya tarishi mwenye kaptura ya tope, akavua kofia.

"Sikamuu, Mzee."

Siku zile Mzungu hakumwamkia Mwafrika. Sikuwa nimeliona jambo hilo kabla, wala sikuliona tena mpaka bendera ilipobadilishwa. Mjomba hakutabasamu wala hakuinama. Alingoja kidogo, kama anavyongoja mkubwa yeyote.

"Marahaba," akajibu.

Jumatatu niliingia karakana. Jumamosi iliyofuata yule askari kijana alivaa jezi ya mjomba, na mjomba hakucheza tena. Alikuwa akija kutazama, anasimama nyuma ya goli. Hakunitajia siku ile hata mara moja, nami sikumwuliza.

Yaliyobaki ya kazi yangu si marefu. Bwana Welishi aliondoka kabla miaka ya hamsini haijaisha. Aliniachia viatu vyake vya njumu, vile vya vigingi chini, ambavyo havikunitosha na bado ninavyo. Mimi nilivuka Likoni kwenda Mombasa, nikachezea timu ya idara ya barabara katika daraja la pili, kisha timu mbili nyingine ambazo zimekwisha kufa. Sikuwahi kuitwa timu ya mkoa. Goti langu lilipochoka nilipelekwa Mackinnon Road kutengeneza mitambo, nikafundisha vijana wa stesheni kwenye uwanja wa mchanga na miiba, halafu nikarudi kufundisha nyumbani mpaka nilipostaafu. Niliwafundisha bega. La kwangu nililoongeza ni moja tu: usimpe mtu mpira ambao hakuuchukua mwenyewe.

Arobaini ya mjomba tumeisoma mwezi uliopita. Alikuwa mzee sana, na kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu alikwenda bila kuteseka. Mimi nilikuwa mmoja wa walioingia kaburini kumpokea. Alikuwa mwepesi. Tulipomaliza kufukia na watu kusoma dua, nilibaki nimesimama, na mdomo wangu ulisema wenyewe, polepole, "Shikamoo, mjomba." Nikangoja. Ni mazoea ya miaka mingi, kungoja lile jibu.

Ndipo nikageuza shingo, nikatazama bega, kama nilivyofundishwa. Walikuwa wamesimama nyuma yangu, watoto wa dada zangu na wajukuu wao, wakiningoja niongoze njia. Nilitafuta miongoni mwao mtu mmoja wa kumwamkia. Hakuwapo. Mkubwa wao akaja akanishika mkono.

"Shikamoo, mjomba," akasema.

Nikamjibu marahaba.