Chai ya Guka

Cha kwanza ninachokumbuka duniani ni punda. Alisimama katikati ya reli huku kwetu Rongai, akakataa katakata kusonga, nasi watoto juu ya mkokoteni tunalia, na guka, babu yetu mzaa baba, anamsukuma huku akimtukana kwa adabu, maana shosho, bibi yetu, alikuwa karibu. Treni haikuja. Punda aliondoka alipotaka. Lakini si punda niliyetaka kukuambia habari zake, rafiki yangu, ni huyo guka.

Alikuwa amezeekea kwenye mashamba ya chai kule Kericho. Chai aliipika mwenyewe, ya rangi, imechemka mpaka inakwaruza ulimi. Kwetu mzee hampikii mke wa mwanawe. Kwa hivyo mama alipopauka akiwa na mimba, na guka akawa anamletea kikombe kwa kila chakula, majirani waliona mapenzi. Hata mimi niliyaona. Maini, mboga za managu, maharagwe, na chai juu yake. Mama akazidi kupauka, viganja kama unga, akitoka kuteka maji anakaa njiani kupumzika.

Nesi wa zahanati akaja nyumbani. Siku za kujifungua zilikuwa karibu, na alisema wazi kwamba damu ikibaki chini hivyo, mama anaweza kufa akizaa. Kisha akaona kikombe.

"Mzee, hii chai inashika madini yanayoongeza damu. Managu anakula, lakini tumbo halipati kitu. Akamulie ndimu kwa chakula. Chai ingoje, hata kwa saa mbili baada ya kula."

"Nimekunywa hii tangu ujana. Naonekana maiti?"

"Wewe huna mimba, mzee."

Jirani mmoja kati ya waliokuja kumsikiliza nesi akacheka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Guka alijaza kikombe tena, akamsogezea mama.

"Kunywa, mama."

Mama alimtazama baba, aliyesimama karibu na mlango. Sahani ya managu ilikuwa magotini. Kumkatalia baba mkwe mbele ya wageni! Nilishika nguo yake nikaiminya.

Baba alichukua kikombe, akamwaga chai nje ya mlango.

"Baba, nisamehe. Huyu nataka aishi."

Mama akaanza kula. Siku hiyo hatukujua kama angepona. Alipona, na mtoto pia. Guka alikaa pale akimwangalia mpaka akamaliza sahani yote, kisha akavaa koti, akateremka kuelekea barabara kuu. Baba alimwita. Hakugeuka, na hatukumwona tena.