Suti ya Mtu Ambaye Hakupimwa

Marcellin hushona nguo Rosettenville, katika chumba kilichobanwa kati ya duka la mikate la Mreno na kibanda cha kutengeneza simu. Alifika Johannesburg mwaka 2006 kutoka Uvira, akiwa na mkasi wa baba yake na anwani ya mtu aliyekuwa ameshahama. Leo watu humfuata kutoka mbali, kwa sababu akilitazama koti lako dakika mbili anakuambia ni bega lipi limeshuka na ni mfuko upi unaubebesha mizigo.

Jambo ambalo wateja wake hawalijui ni la kaka yake. Mwaka 2004 watu wenye silaha walisimamisha lori alilopanda kaka huyo, Thierry, kwenye barabara ya kwenda Baraka. Lori lilionekana, Thierry hakuonekana. Kwao, matanga ya mtu asiye na kaburi hayakaliwi mpaka ndugu wa kiume anayemfuata kuzaliwa atoe neno la kukubali kwamba amekufa. Ndugu huyo ni Marcellin. Kwa miaka kumi na tatu hakulitoa, na kwa miaka kumi na tatu Murielle, mke wa Thierry, hakuwa mjane wala hakuwa na mume.

Asubuhi moja ya Mei 2017, Thérèse, mke wa Marcellin, aliingia kiwandani na simu mkononi.

"Shemeji Murielle amepiga tena. Wanataka kukaa matanga kiangazi hiki. Utamjibu, ao nimjibu miye?"

"Mwambie niko na kazi."

"Miaka kumi na tatu uko na kazi! Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba."

Marcellin alicheka kidogo, akainamia cherehani.

Siku hiyohiyo aliitwa Observatory, mtaa mwingine wa jiji hilo. Victoire, ambaye husali naye kanisa moja, anamtunza huko bibi wa Kizungu wa miaka themanini na minane aitwaye Enid. Marcellin alikwisha kumshonea mapazia, na humwita Gogo, jina la heshima ambalo Johannesburg humpa bibi yeyote. Enid hulipenda kuliko jina lake.

Kitandani palilazwa suti ya kijivu ya kiume, ya zamani lakini haijawahi kuvaliwa.

"Ya kaka yangu Clive," Enid alisema. "Jumamosi ijayo hatimaye anasomewa ibada ya marehemu. Nataka mjukuu wa dada yangu aivae, na yeye ni mwembamba."

Marcellin aliigeuza suti ndani nje, akafumua kipande cha mshono kwa wembe. Alikunja uso. Kila mshono ulikuwa na akiba ya kitambaa ya vidole vinne: mgongoni, kiunoni, mikononi, hata kwenye mapaja. Fundi huacha akiba kidogo, mahali pamoja au pawili. Hii ilitosha kumvika mtu mwembamba au mnene, mrefu au mfupi.

"Gogo, samahani. Huyu fundi alikuwa mzuri, mkono wake naupenda. Lakini hakumpima mtu."

Enid aliketi kando ya suti. "Hapana," alisema. "Hakumpima mtu."

Akasimulia. Clive alikuwa na miaka ishirini, mpiga bunduki wa nyuma katika ndege ya mabomu yenye watu wanne. Mwaka 1942 walitumwa kupiga kambi ya Wajerumani katika jangwa la Libya. Wakati wa kurudi, ndege za kivita za adui ziliwashukia kutoka upande wa jua. Rubani wa ndege iliyokuwa jirani aliandika barua baadaye: bunduki ya nyuma iliendelea kufyatua mpaka ndege ikashika moto, na hakuona mwavuli wa kurukia hata mmoja. Lakini telegramu ya serikali ilisema tu kwamba hawajulikani walipo, na mama yake Enid aliichagua telegramu.

"Vita vilipokwisha, mwaka 1945, alikwenda kwa fundi akaagiza suti. Fundi akamuuliza vipimo. Mama akasema, 'Sijui atarudi amekondaje.'"

"Na barua?"

"Ilikatazwa kusomwa. Mama hakuwa mjinga, Marcellin. Alijua. Aliogopa tu kwamba akilitamka neno, yeye ndiye atakuwa amemuua." Enid alinyoosha kola kwa vidole vyake vilivyopinda. "Mimi nilikuwa na mchumba. Mama alisema hakuna harusi katika nyumba hii kabla Clive hajarudi. Mchumba alingoja miaka minne. Alikuwa mvumilivu, maskini."

Victoire aliyekuwa mlangoni na sinia la chai hakuingia.

Marcellin alipachika pini, akifuata vipimo vya kijana alivyopewa kwenye karatasi. Kwenye mkono wa kushoto alikosea mara mbili, jambo ambalo halimtokei. Aliikunja suti, akaaga, akatoka. Hakufika kituo cha teksi. Alisimama kando ya ukuta wa jirani na kupiga simu Uvira.

"Shemeji Murielle."

"Niko."

"Mukae matanga."

Upande wa pili jogoo wa mtu aliwika.

"Shemeji, urudilie," Murielle alisema. "Mama yuko hapa. Naye asikie."

Mara ya pili neno lilikuwa zito kuliko la kwanza. Alilisema akiwa amefumba macho. Mama yake Marcellin alilia, kisha akamkemea. "Nilifikiri utaningojesha mpaka nimkute mwenyewe huko kwa wafu na nimuulize!"

Matanga yalikaliwa Julai. Karatasi za ukimbizi hazikumruhusu Marcellin kusafiri, kwa hiyo alifunga kiwanda, na watu wa kanisa wakaja kuketi naye Rosettenville. Siku ya tatu, siku ya kuondoa kilio, kila ndugu husimulia upumbavu mmoja wa marehemu. Zamu yake ilipofika, Uvira waliweka simu katikati ya ua.

Marcellin alisimulia jinsi Thierry alivyojitangaza fundi wa baiskeli, akaifungua baiskeli ya katekista yote, akaiunga tena vikabaki vipande saba, akamwambia mzee wa watu kwamba sasa imekuwa nyepesi.

Katikati ya vicheko vya kule alisikia kicheko cha Murielle. Hakuwa amekisikia tangu alipotoka nyumbani. Akaanza kusimulia kisa kingine, ingawa zamu yake ilikuwa imekwisha.