Nusu ya Jiwe la Helpis

Ersilia Cipolloni aliwatengeneza nywele wanawake wa kijiji chetu cha Vallerosa kwa miaka thelathini na moja, na shule aliiacha akiwa na miaka kumi na minne. Nayasema haya mapema, msije mkamdhania mtu wa maana.

Mtu wa maana alikuwa Profesa Quagliarini wa Roma. Alijipatia jina kwa nusu ya jiwe la kaburi la kale lililochimbuliwa kwenye mashamba yetu: "Helpis, mtumwa aliyeachwa huru, aliwafundisha wasichana..." Hapo jiwe limevunjika. Aliwafundisha nini? Profesa, kwa unyenyekevu wake, alijaza mwenyewe: falsafa ya Kigiriki. Vikazaliwa vitabu vitatu kuhusu elimu ya wanawake wa Kirumi, kila kimoja kinene kuliko kaka yake.

Kiangazi kimoja akaja ukumbi wa manispaa kutuelimisha. Ersilia alikwenda kuangalia nywele alizozitengeneza zinavyokaa. Picha ya jiwe ilipotokea ukutani, akamfinya mumewe.

"Duilio, si lile letu hilo?"

"Letu lipi?"

"La bandani! Herufi zilezile. Mimi ndiye ninayelisugua kinyesi cha kuku kila Jumamosi, nisilijue?"

"Hebu nyamaza, utatuaibisha."

Ersilia akanyoosha mkono. "Samahani, Profesa. Kipande kilichobaki ninacho nyumbani. Kuku wanakikanyaga."

Ukumbi ukaangua kicheko. Profesa akatabasamu kwa huruma. "Mama, kila kijiji ninachokwenda kuna mwenye jiwe."

"Sawa, ila langu limechongwa kitana na pini ya nywele. Falsafa ina pini?"

Kesho yake Profesa aliingia bandani na viatu vyake vya ngozi laini. Akapiga magoti, akasoma Kilatini kile taratibu: "...kutengeneza nywele." Kuku mmoja alianza kumdonoa kamba za viatu.

"Pole, Profesa," Ersilia akasema, na alikuwa anamaanisha. "Lakini na hii ni kazi ya kufundishwa. Mimi nimefunza wasichana tisa."

Jiwe likaenda makumbusho. Mwaka uliofuata Profesa akatoa kitabu cha nne, kuhusu wasusi wa Roma ya kale, akieleza kwamba jambo hilo alilishuku tangu ujana. Ersilia naye hakusahaulika. Yumo ukurasa wa mia mbili kumi na saba, chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani: "Bwana Ersilio Cipollini, mfugaji."

"Mfugaji!" alifoka saluni, kichwa changu kikiwa mikononi mwake. "Na tena bwana!" Siku ile alinikata nywele fupi kuliko nilivyomwomba.

Jumatatu, siku saluni zinapofungwa, akawakusanya wale wasichana wake tisa, sasa akina mama wazima, wakapanda basi hadi makumbusho. Makumbusho nayo, bila shaka, hufungwa Jumatatu. Basi Jumanne akafunga saluni, jambo ambalo hakulifanya hata alipofiwa na mama mkwe, wakarudi wote. Walisimama mbele ya jiwe, vipande vyote viwili vimeunganishwa, wakalisoma jina la Helpis kwa sauti, mpaka mlinzi akawaomba wapunguze kelele.