Mahindi Tuliyoyanyima Maji

Kazi yangu kwenye kituo cha utafiti pale Ruiru ilikuwa kuyanyima mahindi maji. Tuliyapanda kwenye mikebe ndani ya nyumba ya plastiki, tukayaacha mpaka majani yakajikunja, tukayanywesha, kisha tukayakausha tena. Tulitaka kujua kama mmea uliowahi kuonja kiu hujikinga upesi zaidi mara ya pili. Maji yakipungua, mizizi hupeleka habari juu, na majani hufunga vitundu vyake vidogo ili unyevu usitoroke. Lakini hewa ambayo mmea hujitengenezea chakula huingilia vitundu hivyohivyo. Basi unaikimbia kiu kwa kulala njaa.

Wakati huo mama alikuwa akiishi nami Mwiki. Nilimtoa kijijini kwetu Gatuanyaga baada ya jirani kumkuta akipanda maharagwe kwenye vumbi la Agosti, akishangaa kwa nini wenzake wamekaa tu. Tangu utotoni aliniita maitu, yaani mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yake mzazi, kama ilivyo desturi kwetu. Kwa hiyo sijui hasa ni lini alianza kuniita hivyo akiamini kweli kwamba mimi ndiye mamake. Niligundua tulipokuwa tunachambua sukuma wiki, aliponiomba ruhusa ya kwenda mtoni na wasichana wenzake.

"Nenda," nikamwambia, "lakini usikawie." Ningemwambia nini?

Jumamosi moja mwanamke aliyekuwa ananisaidia kumtunza mama aliugua, nikaenda na mama kazini. Nilimketisha kivulini karibu na mlango, nikamwekea chai na mkate, nikaingia chumba cha pili kupima majani. Sikukaa sana. Niliporudi, kiti kilikuwa kitupu na nikasikia maji yakimwagika.

Alikuwa amefungua mfereji na kuukamata mpira wa maji. Viatu amevivua, leso imemteleza begani, anakwenda mkebe kwa mkebe, akiyasemesha mahindi kwa Kikuyu jinsi mtu anavyombembeleza mgonjwa anywe uji. Safu ambazo tulikuwa tumezikausha kwa uangalifu zilikuwa zinatiririka.

"Mami, hapana! Wacha hiyo!"

"Haya mahindi yanakufa," akasema. "Nani ameyafanya hivi?"

"Ni mimi, mami. Ndiyo kazi yangu."

Akageuka. Macho yake yalikuwa makavu na makali, macho ya zamani, yale yaliyokuwa yakinitoa kitandani siku za shule.

"Wewe? Wewe mtoto wangu niliyekuzaa, unaona kitu kina kiu na unakiangalia tu?"

Mtoto wangu. Sikuwa nimelisikia neno hilo kwake kwa muda mrefu. Nilitaka kumweleza kuhusu wakulima, kuhusu mbegu za kesho, kuhusu Gatuanyaga yenyewe. Safu zilikuwa zimeharibika tayari, nikamwinulia mpira usikwame kwenye mikebe, naye akamalizia zilizobaki. Tulipofika nyumbani nilikuwa maitu tena.

Jumatatu nilimwambia mkuu wetu, mzee mmoja mtaratibu kutoka magharibi mwa nchi. Alisimama akiyatazama majani yaliyokuwa yamejikunjua vizuri.

"Tutapanda upya," akasema. Kisha, "Na mama, anakula?"

"Kidogo."

"Mlishe wewe mwenyewe. Kazi itangoja."

Tulipanda upya. Mimea iliyowahi kukauka ilifunga vitundu vyake mapema kuliko mingine, kama tulivyotarajia, na wenzangu walifurahi. Mimi nilikuwa narudi Mwiki mapema kumpa mama uji kwa kijiko. Siku nyingine alifungua mdomo, siku nyingine akaugeuza uso ukutani.

Alikufa Aprili, mvua ya masika ikiwa imeshika hasa. Huko Gatuanyaga, ambako tulizoea kuhesabu mawingu, vijana walichota maji kaburini kwa ndoo, na kila walipodhani wamemaliza yakajaa tena. Mhubiri alifupisha sala. Kaka yangu alinishika mkono nisiteleze.

Watu walipoanza kutawanyika, jirani yetu alinijia na kofia mkononi. Aliniuliza, kwa haya, kama angeweza kulima kipande cha shamba cha mama, maana udongo ulikuwa tayari na mvua kama hii haiji kila mwaka.

"Lima," nikamwambia.

Alinishukuru, akaondoka haraka kutafuta jembe. Nikaenda kuketi ndani ya gari la kaka, matope mpaka magotini, na hapo ndipo nilipolia.