Luan Shoucheng na Ngoma ya Leso

Mabega Luan Shoucheng aliyapata kwa kunyanyua vyuma, na sauti nzito kwa kujizoeza mbele ya kioo. Hapa Anshan, mji wa kuyeyusha chuma nchini Uchina, kijana anayependa wanaume wenzake hujifunza mapema kwamba akionekana dume hasa, ataachwa na amani yake. Hata mtandaoni wanakotafutana, kila mmoja kaandika: wa kike-kike wasinisumbue. Shoucheng naye aliandika hivyo hivyo, mnafiki mkubwa.

Na Bian Kai, dereva wa kreni, pia aliandika. Ndivyo walivyopatana. Tangu majira ya joto walikuwa wakila mishikaki pamoja, na Shoucheng alimpenda mpaka akawa anaogopa: Kai akimjua alivyo, atamwacha.

Maana utotoni Shoucheng alicheza yangge, ngoma ya sikukuu za mwaka mpya, na sehemu yake ilikuwa ya bibi harusi: kiuno, madaha na leso nyekundu. Babu yake, aliyestaafu kwenye tanuri la chuma, hadi leo hucheza kungwi mwenye kiko kirefu, na hakuna aliyewahi kumwambia si mwanamume. Shoucheng aliacha alipobalehe.

Mwaka huu babu akapiga simu: bibi harusi wao kaumia goti, na sikukuu ya taa, inayofunga sherehe za mwaka mpya, ni kesho. Shoucheng akashindwa kumkatalia. Akamdanganya Kai kwamba yuko kazini, akasahau, masikini, kwamba siku hiyo mji mzima hutoka kutazama yangge.

Akiwa katikati ya mzunguko wa ngoma alimwona Kai, kasimama mstari wa mbele wa watazamaji. Akataka kukimbia. Lakini zumari ilikuwa imeshamshika kiuno, na ukweli ni kwamba alikuwa anafurahi kuliko siku zote. Akacheza mpaka mwisho.

Kai akamfuata, asitabasamu.

"Kumbe hii ndiyo kazi?"

"Nilijua ukiniona hivi utaniacha."

"Nilishaamua kukuacha. Kila tukikaa umekakamaa kama mtu anayepimwa kanzu. Nikasema huyu hanipendi."

"Na sasa?"

Babu akapita na kiko chake. Akamtazama Kai juu mpaka chini, akawaambia wasizibe njia.

"Sasa nina njaa," Kai alisema. "Twende tukale."

Shoucheng akainua mkono wa nguo ajifute wanja na rangi ya midomo.

"Acha," Kai alisema. "Twende hivyo hivyo."