Kioo cha Kinga na Shavu la Mama

Wasichana wanaokuja kwangu Kilwa Masoko kujifunza kupiga picha huniuliza swali moja kabla hata hawajajua kuwasha kamera: ninunue filta ya UV ya kulinda lenzi, au ni kutupa hela? Huwa nawajibu polepole, kwa sababu ni swali zuri na hakuna aliyezaliwa akilijua jibu. Lakini kila nikijibu, kuna jambo naliacha, na leo nataka kulisema.

Filta hiyo ni kioo chembamba cha duara, chenye pete ya chuma, kinachoskrubiwa mbele ya lenzi. Zamani, enzi za filamu, ilizuia mionzi ya jua tusiyoiona kwa macho, ile iliyotia picha ukungu wa buluu, hasa baharini. Kamera za siku hizi zinaizuia mionzi hiyo zenyewe, humo humo ndani. Kwa hiyo kazi iliyobakia kwa filta ni moja: kupokea pigo badala ya lenzi. Ni kazi ya heshima, siidharau. Ila kila kioo unachokiongeza, mwanga hauna budi kukipita, na kikiwa cha ovyo utakiona kwenye picha yako.

Lenzi yangu ya kwanza ya maana nilipewa na kaka yangu, ambaye anauza vifaa vya umeme vya mtumba Dar es Salaam. Kaka yangu ni mtu wa kutunza vitu. Makochi ya sebuleni kwake hayajavuliwa nailoni tangu alipooa, na rimoti ya televisheni inaishi ndani ya mfuko, ukitaka kuongeza sauti unaminya nailoni. Lenzi aliniletea ikiwa na filta juu yake, na sharti.

"Hiki kioo cha mbele usikifungue hata siku moja. Ukiichoka lenzi, tutaiuza kama mpya."

"Na kikichafuka, kaka?"

"Futa juu kwa juu. Usianze ubishi wako."

Nikatii. Siku hizo riziki yangu kubwa ilikuwa wageni wanaovuka kwenda Kisiwani kuona magofu. Boti ya injini ikipiga wimbi, maji ya chumvi yanakurukia usoni, na kamera nayo inapata fungu lake. Nakiri kwamba bila kile kioo lenzi ingeharibika mapema. Nilikuwa nafuta chumvi kwa pindo la kanga na kuendelea na kazi. Nisichokijua ni kwamba chumvi ile ile ilikuwa inaingia taratibu kwenye nyuzi za pete, ile mikato ya kuskrubia, inakauka, inashika. Ningejuaje, wakati sikuwahi kujaribu kuifungua?

Ndipo ikaja harusi ya mdogo wetu.

Mama alikuwa hapendi picha. Tuliyokuwa nayo ni moja tu, ya kitambulisho, ambamo amekunja uso kama mtu anayesubiri sindano. Mwaka huo kifua chake kilikuwa kinamsumbua na sote tulikuwa tunaona anavyopungua, ingawa hatukulitamka. Siku mbili tatu kabla ya shughuli kaka alinipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba.

"Mwombe mama akubali picha moja," akasema. "Moja nzuri. Nataka niitundike ukutani."

Shughuli ya wanawake ilikuwa baada ya alasiri, chini ya turubai, uani. Kwetu siku hiyo simu zote hubaki mlangoni ndani ya kapu, kwa sababu wanawake wamejiachia, wamesuka, wamevaa wanavyotaka, na hakuna anayetaka kujiona kesho kwenye simu ya mume wa mtu. Anayeingia na kamera ni mwanamke mmoja tu anayeaminika. Mimi ndiye niliyeaminika. Maana yake ni kwamba pale ndani hapakuwa na jicho jingine zaidi ya langu.

Mama ndiye aliyekuwa ameshika mrashi, ile chupa ya shingo ndefu yenye matundu mdomoni ya kunyunyizia marashi. Alipita safu kwa safu, kila mgeni kichwani na viganjani, hakuna wa kurukwa. Aliponifikia nilimweleza ombi la kaka. Akacheka mpaka akakohoa.

"Nitundikwe ukutani kama kalenda! Haya, piga moja, mtosheke." Akavuta mtandio akafunika nywele. Kisha akaitazama kamera. "Na huyu naye si mgeni? Na apate."

Akainyunyizia. Ua mzima ukapiga vigelegele.

Sasa nisikilize vizuri, wewe unayejifunza, kwa sababu hapa ndipo filta inapodai heshima yake. Marashi yakiipata, unaifungua, unaiweka mfukoni, na chini yake unakuta lenzi safi kabisa. Unapiga picha yako. Hiyo ndiyo faida yote ya kinga: kwamba inavuliwa. Nilishika pete nikazungusha. Haikwenda. Nikaizungushia kanga ipate mshiko, nikazungusha kwa nguvu zote mpaka vidole vikauma. Ilikuwa kama imechomelewa.

"Mpiga picha, unafungua mtungi wa gesi?" shangazi yangu akaniuliza kwa sauti ya kusikika na wote. "Kama umeshindwa tumwite fundi!"

"Ngoja kidogo, shangazi."

"Mama yako amesimama hapo na miguu yake ile, wewe unasema ngoja."

Mama alikuwa amesimama kweli, mrashi mkononi, anatabasamu kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kwenye picha yoyote ya mtu yeyote. Nyuma yake taa za mapambo za jukwaani zilikuwa zinawaka. Nikafuta matone kwa kanga, na kanga yenyewe ilikuwa na mafuta ya nazi ya kumpaka bibi harusi, kwa hiyo nikawa nimepaka badala ya kufuta. Nikapiga. Nilipotaka ya pili alikuwa ameshanipa mgongo.

"Nimesema moja," akasema, akaenda kwa wageni wake.

Pembeni ya picha taa zimetapakaa ukungu, na hilo ningelivumilia. Lakini mwanga wa taa ukigonga lenzi hurudi mbele, ukakuta ile filta ya bei rahisi, ukarudishwa tena ndani, ukaandika doa mahali ambapo taa haipo. Doa lenyewe lilikuwa la kijani. Lilitua kwenye shavu la mama, kubwa kama kipande cha limau.

Masika yaliyofuata tulimzika.

Baada ya siku za msiba kaka aliomba kuiona picha. Akaikazia macho muda mrefu.

"Hiki nini shavuni?"

"Ni taa, kaka. Ile filta."

"Ungeifuta basi."

Niliifuta kwa kompyuta. Ikatoka laini, kama shavu la mwanasesere, na mikunjo ya tabasamu ikaondoka pamoja na doa. Akatikisa kichwa. "Huyu si mama." Akachukua ile yenye doa, na lenzi pia akaondoka nayo, kwamba atampa fundi. Fundi akaikata pete kwa msumeno. Kaka akanitumia picha ya lenzi na maneno: "Unaona? Haina hata mkwaruzo. Nilikwambia." Aliiuza kama mpya, kama alivyosema.

Kwa hiyo jibu langu kwa wasichana ni hili. Nunua, mwanangu, iliyo nzuri, na uivae kwenye boti, kwenye vumbi na kwenye marashi. Kila wiki ifungue, uisafishe, na usugue ncha ya penseli kwenye nyuzi zake zisishikane. Palipo na taa mbele yako, ivue. Nawaonyesha kwa mkono, wanajaribu, wanafurahi inapozunguka. Nami nafurahi nao.

Mwaka huu nilikwenda kwa kaka. Picha ya mama iko sebuleni, ndani ya fremu kubwa, na kioo cha fremu bado kina ile nailoni nyembamba ya dukani, imeanza kuota mapovu. Jirani aliyekuja kunisalimia akaitazama, akauliza kwa upole kama marehemu alikuwa na alama usoni.

Kaka alikuwa anamimina chai.

"Ndiyo," akasema. "Alizaliwa nayo."

Jirani akaitikia, akamwombea rehema. Nami nikaitikia amina.